Nyasi Juu ya Mabati

Vita vilipofunga barabara ya Uvira, kituo cha afya hapa Baraka kiliishiwa hata dawa ya kichwa. Muuguzi akanipa kipimajoto kilichokuwa kikining'inia ukutani katika chumba cha dawa. "Kamata, mwalimu. Huku haina tena kazi."

Nilikuwa nikifundisha mwaka wa sita, katika darasa la mabati ambamo saa sita mchana watoto walisinzia wote kwa joto. Nikasema tupime joto la mji. Kila adhuhuri mwanafunzi mmoja alikitundika kipimajoto nyumbani kwao, kisha akaandika katika daftari la darasa: nyumba ya nani, iko wapi, paa la nini, joto digrii ngapi.

Siku hizo wenye mabati waliyafunika kwa nyasi, ili wenye bunduki wasiyatamani. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Msichana mmoja, ambaye mama yake alikuwa mjane anayeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, aliandika "nyasi" tu. Lakini mimi niliwahi kujikinga mvua kwao, nikainua macho nikaona mabati. Nilimsimamisha mbele ya wenzake.

"Mama alikatala, mwalimu. Alisema bintu ya nyumba, mali yetu, tusiandike."

"Sayansi haidanganywi," nikamjibu, nikasahihisha kwa wino mwekundu: mabati chini ya nyasi. Kisha nikawaamuru wengine nao waandike ukweli. Kiherehere changu! Nyumba hizo ndizo zilizokuwa na nafuu ya joto kuliko zote, na nilijivunia ugunduzi huo kama mjinga.

Juma lile wenye bunduki waliingia mjini, wakalala shuleni. Madawati waliyapasua wakapikia. Daftari hawakulichoma. Asubuhi niliwaona mtaani, mmoja akisoma majina kwa sauti, wenzake wakipanda juu ya mapaa kufumua nyasi na kung'oa mabati. Hakusitasita hata mahali pamoja, maana mwandiko mzuri niliwafundisha watoto mimi mwenyewe.

Walipoondoka nilikwenda kwa yule mjane, kipimajoto kikiwa bado mfukoni mwangu. Zilibaki kuta nne na jua ndani. Nilitaka kuomba msamaha. Mama alikuwa ameketi na binti yake kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Ingia, mwalimu," akasema. "Leta ile kitu yako. Pima sasa."

Binti akainuka, akanyoosha mikono miwili kwa adabu, kama nilivyowafundisha, akingoja nimpe kipimajoto.