Gemu Iliyojua Ploti Yangu

Mtu aliyenunua ng'ombe Dagoretti miaka yote niliyonunua mimi hawezi kushtuliwa na kitu. Nimeletewa ng'ombe aliyelishwa chumvi akanywa maji mpaka tumbo likawa ngoma, nikamwambia mwenyewe, "Huyu ungemuuza kwa lita." Shule niliachia darasa la tano. Bucha, pikapu, na ploti ya vyumba kumi na viwili vya kupangisha Riruta nilivipata bila cheti cha mtu.

Kwa hiyo niliponunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja ya Kilimani iliyokuwa ikiondoa za zamani, sikuiamini. Wanangu walisema ni ya masomo. Mimi nilicheza karata zilizokuwa ndani, na siku ya kwanza tu nikajua kuna mkono wa mtu. Kila nikitafuta saba nyekundu, ilikuwa imefichwa chini kabisa. Niliigeuza mashine nikachungulia nyuma.

Wakati huo vyumba viwili vya ploti yangu vilikuwa vitupu, na sikupata mtu wa kuvichukua. Nilisema ni majirani wananiharibia jina. Mpangaji wangu wa siku nyingi, karani wa ofisi fulani mjini, alinikuta kwenye karata.

"Mzee, hiyo ni ya kupoteza wakati. Tafuta ile gemu ya kujenga mji. Ni ya zamani, bei ya chapati tu. Mtu kama wewe utaipenda."

Akanielekeza kwa mama mmoja mwenye kibanda cha CD karibu na River Road.

Kweli niliipenda. Unauangalia mji kutoka juu, kama umesimama kwenye paa. Nilijenga nyumba haraka kuliko mkandarasi yeyote. Watu wakaingia. Kisha wakaanza kutoka. Nyumba ziligeuka nyeusi kama mkaa, na juu yake kialama cha bluu kikawa kinawaka na kuzima. Nikajenga zingine, nazo wakazihama. Mimi, kuhamwa!

Nikamrudishia mama CD yake. "Umeniuzia kitu kibovu. Wapangaji hawakai."

Aliweka chini sweta aliyokuwa akifuma, akaifungua kwa mashine yake, akaniambia nijenge aone.

"Baba, maji iko wapi?"

"Maji gani?"

"Umeweka barabara, umeweka stima, maji hakuna. Hiyo alama ya bluu ni tone la maji."

"Si wachote?"

Alicheka mpaka muuza viatu wa kibanda cha pili akachungulia. "Hebu kuja uone landlord!" akamwambia. Kisha akanigeukia. "Wachote wapi, baba? Hata wewe ungehama."

Hapo nilinusa njama kama ninavyonusa nyama ya juzi. Kwa sababu pale kwangu kulikuwa na bomba moja uani, na lilitoa maji Jumanne na Ijumaa pekee. Siku zingine watu walinunua mitungi kwa wenye mikokoteni, na karani alikuwa amenilalamikia hadi nikachoka. Sasa ananituma kwa mwanamke, na mwanamke ananiuliza maji iko wapi?

Nilimngoja karani mlangoni kwake jioni hiyo.

"Nani alikutuma?"

"Wapi, mzee?"

"Hii gemu mliitengeneza na nani?"

"Mzee, hii nilicheza nikiwa koleji. Walioitengeneza hata Riruta hawaijui."

"Na mbona inajua ploti yangu?"

Alisogeza mitungi yake kwa mguu. "Wacha nikuambie mwenyewe kabla usikie kwa watu," akasema. "Nimepata nyumba Mountain View. Naenda mwisho wa mwezi."

Chumba cha tatu hicho.

Sokoni, ukimshuku dalali mmoja, unaenda kuuliza kwa mwingine asiyemjua. Nikavaa kofia, nikaenda kibanda kingine upande wa pili wa mji, nikanunua gemu ileile bila kusema natoka wapi. Nyumbani nikajenga mji mpya, maji sikuweka, nikakunja mikono. Wakahama. Nikaanza tena. Safari hii nililaza mabomba chini ya ardhi, nikaweka pampu mtoni, nikakodoa macho nione ujanja utatokea wapi. Watu wakaja. Vijumba vikageuka ghorofa, na mimi sikuwa nimeongeza hata tofali.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hao umewawekea maji kabla ya hawa wa hapa nje?"

Mpaka leo nashuku yule karani na yule mama walikuwa wanajuana. Lakini mfanyabiashara hamwachi mpangaji mzuri aende Mountain View kwa sababu ya mtungi. Nilinunua tangi la kuwekea yale maji ya Jumanne na Ijumaa, nikamsimamia fundi mpaka skrubu ya mwisho, maana nilimwona akihesabu mabomba kwa sauti ya chini.

Karani alipofungua bomba jipya lililo nje ya mlango wake, aliyaacha maji yatiririke kwenye karai akiyatazama tu.

"Mzee," akasema, "Mountain View wacha waende wengine."

Nikamwambia afunge hilo bomba asinimwagie maji, kwa sababu tangi, stendi yake, pampu, mabomba na fundi vilinitoka shilingi elfu themanini na nne, mia tatu na hamsini.