Mfupa wa Tendaguru Bafuni Kwangu

Mimi ni mtu wa ndani. Hata Bunda naona mbali. Shamba la ujamaa peke yake ndilo linanitoaga, likanipasua visigino. Basi shemeji yangu, mwalimu hapa Butiama, aliporudi kutoka Lindi na jiwe kavu lenye matundu, nikaingia nalo bafuni kujisugua visigino.

Nikasikia wanafunzi wake uani, naye akaniita mlangoni.

"Shemeji, jiwe la Tendaguru liko wapi? Nimewaahidi watoto."

"Jiwe tu hilo?"

"Ni mfupa wa mguu wa mjusi mkubwa kuliko nyumba hii, umefukuliwa huko Tendaguru. Alikufa kabla binadamu hajakuwepo, mfupa ukageuka jiwe."

Mguu ule ulikanyaga dunia isiyo na mtu, nami nimeutia sabuni. Nikatoka nimeubeba kama kichanga. Watoto wakasimama kama wako kanisani.

Binti mmoja akainama karibu. "Mwalimu, na hii ngozi nyeupe kwenye matundu ni ya mjusi?"