Kalamu Yenye Tumbo Kubwa

Nikiwa mdogo kule Kitui tulikuwa na mbuzi wa pembe moja mwenye tumbo kubwa, ukimkamua sufuria inajaa. Tangu hapo napenda kitu chenye tumbo kubwa. Sasa, Kawangware nilikuwa naandikia watu barua, na kalamu yangu ndogo ilikuwa inakauka katikati ya salamu. Nikaenda Kibera kutafuta kubwa ya bei nafuu.

Muuzaji akachovya kalamu moja kwenye chupa ya wino, akazungusha mkia wake wa nyuma, ikanyonya wino, akanipa nijaribu.

"Huo mkia usiuguse, bwana."

"Unanifundisha? Mimi ni karani!"

Nikauzungusha. Wino wote ukarukia shati lake jeupe.

"Karani wa wapi wewe?"

Aibu, lakini wino ulikuwa mwingi ajabu! "Hii ndiyo yenyewe," nikasema. Nikalipa, nikaondoka nayo. Pale sijarudi tena.