Sista Samsam na Helikopta ya Eldas

Sista Samsam alikuwa ameshawapokea watoto wa Eldas kwa miaka kumi na minane nilipohamishiwa zahanati ya mji huo wa kaskazini mwa Kenya. Mimi ni mwanamke wa Kitui, kazi yangu ni maabara. Yeye alikuwa mkunga, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mrefu, mchache wa maneno, na sikuwahi kumwona akifanya jambo lolote kwa kujifurahisha tu. Akitoka kazini alipika, akafua, akasali, akalala.

Yaliyomfika yalianza na mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023. Barabara zilikatika, na mama mmoja akawa anatoka damu bila kukoma. Helikopta iliyokuwa ikigawa dawa ilifika, lakini ardhi yote ilikuwa tope, haikuwa na pa kutua. Rubani akaisimamisha hewani, kimo cha goti kutoka chini, hadi mgonjwa akapakiwa. Mama yule alipona.

"Kila mtu alikuwa anamwangalia mama," Samsam aliniambia baadaye. "Mimi pia nilimwangalia, mpaka alipoingia. Halafu nikaiangalia ile mashine. Upepo unaisukuma, na yenyewe imesimama. Nikasema, wallahi, nataka kujua inasimamaje."

Mwaka uliofuata alikwenda Nairobi kwa semina, akapita mtaa wa Islii kumsalimu mdogo wake, Hamze, anayeuza simu na vifaa vya umeme. Juu ya kabati aliona boksi lenye helikopta ya rimoti, ndefu kama mkono wa mtu.

"Hiyo si ya kuchezea watoto, abaayo," Hamze akamwonya dada yake. "Ni ngumu kuirusha. Na watoto wako wamekua. Unampelekea nani?"

"Ni yangu."

Hamze alicheka, kisha akaona dada yake hacheki.

Helikopta ilipofika Eldas, kila mtu aliuliza swali lile lile: ni ya shirika gani? Kwetu gari huja na jina la shirika mlangoni, na tangi la maji huja na jina ubavuni.

"Si ya shirika," Samsam alijibu.

"Basi inahesabu nini? Watu au mifugo?"

"Haihesabu kitu. Inaruka tu."

Watu waliondoka hawajaridhika. Samsam aliipeleka mwenyewe kituo cha polisi kabla hajairusha hata mara moja. Waliigeuza huku na huku wakitafuta kamera, hawakuiona. Baada ya wiki tatu wakamruhusu kuirusha ng'ambo ya bwawa lililokauka, isipite kimo cha tangi la maji.

Basi Jumamosi asubuhi, upepo kabla haujaamka, tulikwenda. Mimi nilifuata kwa udadisi. Siku ya kwanza helikopta iliinuka dhiraa moja, ikalala upande, mapanga yake ya kuzunguka yakapiga ardhi na kuruka vipande. Ilichukua muda wa kupiga chafya tu. Hamze alituma mapanga mengine kwa basi, pamoja na fito nne zenye mipira midogo nchani, za kufungwa chini ya miguu ya helikopta ili isipinduke. Kwa wiki nyingi helikopta ile haikuruka. Iliteleza mchangani kama mtoto anayetambaa, na Samsam nyuma yake, buibui limejaa vumbi, vidole gumba viwili juu ya vijiti vya rimoti.

"Naisahihisha mno," alisema. "Ikilala kushoto kidogo, naivuta kulia kama ngamia wa jirani aliyeingia shambani. Inataka kuguswa kidogo tu, na kabla sijaona kosa."

Kufika mwezi wa nne wa mazoezi alikuwa anaisimamisha kimo cha kifua, mkia ukimwelekea yeye, kwa nusu dakika. Ndipo ikatokea habari ya ngamia wa Ugbad.

Ugbad ni mama mtu mzima mwenye kundi la ngamia. Jumamosi hiyo alikuwa akiwapitisha majike wake kwenda kisimani. Mlio wa helikopta uliwashtua, wakatawanyika vichakani, na mmoja mwenye ndama hakupatikana mpaka saa sita mchana. Ugbad alikuja moja kwa moja zahanati, mbele ya foleni ya akina mama. Alisema kwa Kisomali, mama aliyekuwa kando yangu akanitafsiria.

"Samsam, mikono yako imewapokea wajukuu wangu watano. Leo umerudi utotoni?"

Jioni Samsam alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Ugbad, akaomba radhi, akapewa maziwa, akayanywa. Aliporudi aliiweka helikopta chini ya kitanda, na miezi miwili haikutoka.

Nilimuuliza kwa nini haitoi, ilhali ngamia walishapatikana. Alikuwa akikunja mashuka ya wodi, akaendelea kukunja.

"Tangu nimalize shule, kila nilichokishika kilikuwa cha kumsaidia mtu. Mkasi, uzi, glavu. Hii haimsaidii mtu yeyote. Sijui kama nina ruhusa ya kushika kitu kama hicho."

Nilirudi maabara nikakaa nikiwaza nani hasa hutoa ruhusa hiyo.

Aliyejibu ni Ugbad, bila kujua kama aliulizwa. Alimleta mke wa mwanawe kliniki, akamkuta Samsam mlangoni; maneno yao Samsam alinisimulia baadaye.

"Kile kidege kimekufa?"

"Kipo chini ya kitanda, eddo," Samsam alimjibu kama shangazi yake. "Ulikasirika."

"Nilikasirika kwa kupotea ngamia. Nilikuambia uache?" Ugbad aliketi kwenye benchi, akanyoosha miguu. "Mimi hukaa kisimani nikiangalia ngamia wakinywa hata siku ambayo si zamu yetu. Wa watu wengine. Naangalia tu. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza napata nini. Uliza kwanza tunapita saa ngapi, basi."

Tangu hapo kila Ijumaa Samsam aliuliza njia ya ngamia, na Jumamosi akarudi bwawani. Lakini sasa alikutana na jambo gumu kuliko yote. Helikopta ikikugeuzia pua, kushoto kwake ni kulia kwako. Unaiona inakwenda kulia, unaivuta kushoto, nayo inazidi kukimbia. Aliivunja mara tatu kwa namna hiyo.

Asubuhi moja alikuja maabara mbio, kadi ya mjamzito mkononi. Nilidhani kuna hatari.

"Soma nilichoandika."

Nilisoma: mgongo wa mtoto uko kushoto.

"Kushoto kwa nani?" akauliza. "Kwa mama! Mimi nimesimama namtazama, mkono wangu wa kulia ndio ulioshika ule mgongo, na nimeandika kushoto bila kufikiri. Nimefanya hivi miaka yote!"

Ugunduzi huo haukumaliza kazi, maana Jumamosi iliyofuata aliivunja tena helikopta. Ila aliacha kuogopa. Alisema kila pua inapomgeukia anajiambia yuko kitandani kwa mama, na kushoto ni kwa mwenye mwili.

Mwezi wa pili mwaka huu, mbele yangu na Ugbad, aliigeuza pua ikamtazama machoni, ikasimama. Ilitikisika, ikasimama tena. Betri hudumu dakika sita, na kwa dakika hizo sikumwona Samsam akipepesa macho. Alipoiteremsha aliketi chini vumbini akacheka kwa sauti, mdomo wazi, jambo nisilolijua kwake.

Kisha akabadilisha betri, akanipa rimoti. "Jaribu, abaayo."

Nilijaribu. Iliinuka, ikalala, ikapiga ardhi. Ugbad alifunika mdomo kwa shungi akicheka. Niliona aibu sana, lakini Samsam alikuwa tayari ameinama, anaokota vipande vya mapanga kimoja kimoja.

"Uliivuta mno," akasema. "Jumamosi ijayo njoo mapema."