Mwenye Nyumba Yupo

Baba yangu ni mtu wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani. Mimi na mama tumezaliwa Moroni, kisiwani Ngazidja, mtaa wa Badjanani, katika nyumba yenye mlango wa kijani. Kwetu Ngazidja mwanamume ndiye huhamia kwa mkewe, na nyumba binti huirithi kwa mamake. Hilo kila mtoto wa Moroni analijua.

Nzwani ilipojitenga na visiwa vingine, askari wa serikali walishambuliwa huko, na kabla hata maiti hazijazikwa matusi yalifurika kwenye intaneti. Nilikwenda kafe ya intaneti kusoma habari, nikasoma uchafu. Wanzwani wote wauaji. Wanzwani warudi kwao, hata kwa kuogelea. Waandishi wenyewe walijiita Simba, Mzalendo, Damu ya Ngazidja. Hakuna aliyetumia jina alilopewa na wazazi wake. Debe tupu haliachi kuvuma, nikajisemea. Kisha nikakuta mlango wetu umetajwa: nyumba ya Mnzwani, mlango wa kijani, Badjanani, atolewe leo baada ya alasiri.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa akikuna nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kwanza nazi yake. Baba alikwisha kuanza kufunga nguo. Mama akamwambia azirudishe kabatini.

Walikuja kweli, vijana wa mitaa ya jirani, wengi tukiwajua. Mama alisimama kizingitini amejitanda shiromani, vazi la wanawake wa Nzwani, aliloletewa na wifi yake wa Mutsamudu. Alilichagua makusudi.

"Mmekuja kumtoa mtu kwenye nyumba ya nani, wanangu?" aliuliza. "Hii ni yangu. Ilikuwa ya mama yangu, na ya bibi yangu kabla yake. Mume wangu nimempokea mimi. Anayetaka kumtoa, anitoe mimi kwanza."

Kumpiga Mnzwani wangeweza. Lakini kumtoa mwanamke katika nyumba ya mama zake, nani angerudi kwao akamweleza mamake? Waliondoka mmoja mmoja, wakijifanya wana safari nyingine.

Nilidhani yamekwisha. Mama akanirudisha kafe nikajibu.

"Andika kwamba mwenye nyumba yupo, na mumewe yumo," alisema.

Nikamuuliza nitumie jina gani. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Kwani mimi sina jina?"

Nilirudi kafe kwa fahari. Nililiandika lote, lake na la mama yake, chini ya simba wote wale.