Cibalonza na Kamba ya Benoît

Haya nitakayowaambia hamtayaamini, na mwenye kuyaamini haraka basi hajakaa Kadutu, mtaa wetu huu wa vilimani.

Cibalonza aliuza unga wa muhogo sokoni, na kaka yake Anaclet ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyembakia. Mwaka wa sabini na sita mvua iliporomosha kilima, udongo ukamfunika mke wa Anaclet pamoja na nyumba. Tangu hapo Anaclet akawa mtu wa kuchimba mitaro ya kupitisha maji ya mvua. Jua, mvua, jembe halikumtoka mkononi, na huku anachimba anaongea na marehemu.

Jumamosi, siku ya posho kama tusemavyo sisi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, hakuna aliyeona tatizo na jembe lake. Mkubwa wa mtaa alimsimamisha mbele ya wananchi: "Citoyens, muone mufano!" Wakampigia makofi.

Jumatatu jembe lilelile likaitwa wazimu. Anaclet alichimba mpaka chini ya ukuta wa jirani yake Benoît, fundi wa viatu, na ukuta wa udongo ukalala chini. Benoît akatoka na mpini wa shoka. Akampiga mgongoni, kisha mdomoni. Meno mawili yakaanguka matopeni. Wanaume watatu wakaja kumsaidia Benoît, wakamkanyaga Anaclet shingo, wakamfunga mikono kwa kamba ya mbuzi wa Benoît hadi ngozi ikachanika. Walitaka kumpeleka Bunyakiri, kwa mganga anayewafunga wagonjwa kwenye gogo na kuwachapa mpaka pepo atoke. Wa mwisho kupelekwa huko alirudi amevingirishwa ndani ya mkeka.

Cibalonza alimfahamu yule wa mkekani. Aliacha unga wake sokoni akakimbia.

"Munamupeleka wapi ndugu yangu?"

"Kwa muganga, maman. Iko na wazimu."

"Juzi mulimupigia mikono!"

"Juzi ilikuwa salongo."

"Basi wazimu yake inapumuzikaka siku ya posho?"

Mmoja akacheka. Benoît hakucheka, akamzaba Cibalonza kofi hadi sikio likatoa damu. Alikosea sana, maskini. Cibalonza aliokota jembe, akamshindilia ubapa wake gotini, goti likalia kama kuni kavu. Mwingine akamkamata shingo kwa nyuma. Cibalonza akamuuma kidole mpaka meno yakagusa mfupa. Kisha akasimama juu ya kaka yake, damu inamtiririka begani, jembe juu.

"Huyu iko mugonjwa! Mwenye kumugusa, nitamupasua!"

Hakuna aliyemgusa. Akaikata kamba, akambeba kaka yake mgongoni hadi kwa muuguzi Madeleine, aliyempa dawa ya kumtuliza na kusema arudi kila juma. Ukuta wa Benoît, Cibalonza aliujenga upya kwa mikono yake.

Anaclet bado anaongea na mke wake. Anakula, anasalimia, analala kwa dada yake. Na nani hapa kwetu haongei na wafu wake? Sisi wengine tunanong'ona tu.

Lakini msidhani mwanamke alipigana peke yake! Mimi mjomba wake nilimnyanyua Benoît kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili nikawatupa wale watatu mtaroni, na wa tano aliponijia na panga, nika—

"Tonton," anasema Cibalonza, anayesoma juu ya bega langu haya ninayoandika, "wa tano alitoka wapi? Na weye ulikuwa umejifungia mu choo. Ni mimi nilikuja kukutoa."