Begi la Kijiko Kimoja

Katika mtaa wetu mjini Cabaiguán, mtu akiitwa kulazwa hakwenda mikono mitupu. Alikwenda na ndoo, feni, shuka zake mwenyewe, balbu ya taa, sahani, chupa ya kahawa, na kiti cha kubembea cha kulalia yule atakayemuuguza. Hospitali ilitoa daktari na kitanda. Mengine yote yalitoka majumbani mwetu.

Aliyejua kufunga mizigo hiyo kuliko sote alikuwa Obdulia Yera. Tangu nikiwa msichana namkumbuka akisimama katikati ya sebule za watu, mkono kiunoni, akiamuru: "Sabuni iko wapi? Na soksi? Wodi ile ina baridi alfajiri. Kijiko cha pili kiko wapi? Au anayekuuguza atakula kwa vidole?" Vijiko viwili, vikombe viwili, taulo mbili. Hiyo ilikuwa sheria yake, na mtaa mzima tulifunga mizigo hivyo hata pale ambapo yeye hakuwepo.

Mara nyingi anayeuguza alikuwa yeye mwenyewe. Alifanya kazi maisha yake yote katika nyumba ya tumbaku, amekaa kwenye kigoda kifupi, majani yamelazwa pajani, akivuta mshipa wa katikati bila kulichana jani. Jioni wanawake wale walirudi pamoja wakicheka kwa sauti, sketi zao zimeingia rangi ya kahawia, na harufu yao ilitangulia kona kabla hawajaonekana. Tukiisikia, tulijua ni wakati wa kuinjika wali. Siku hizi milango ya nyumba ile imefungwa kwa mnyororo, na mtoto wa leo ukimwambia harufu ya saa kumi na moja jioni hakuelewi. Lakini Obdulia alikuwa akitoka pale, anaoga, anabadilisha nguo, kisha anakwenda kukesha na mgonjwa wa nyumba fulani, na asubuhi anarudi kwenye kigoda chake. Sijui alilala lini.

Nyonga yake ilipoharibika alikilaumu kigoda. Alingoja upasuaji kwa miaka, akitembea na mkongojo alioufunga kitambaa ili usiteleze vigaeni. Hatimaye kiungo bandia kikapatikana, na akaambiwa aripoti hospitali ya mkoa Jumatatu. Muuguzi wa zahanati alimkumbusha jambo moja ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewakumbusha watu wengi: wodi ya mifupa haimpokei mgonjwa asiye na mtu wa kukaa naye. Akikosa mtu, nafasi inakwenda kwa anayemfuata.

"Mwanangu anakuja," Obdulia alisema. "Reinier anakuja kutoka Tampa."

Mtaa ukafurahi. Reinier alikuwa amevuka bahari akiwa kijana mwembamba, na hakuwa amerudi tangu hapo.

Jumamosi nilikwenda kumsaidia kuitayarisha nyumba. Nilimkuta Zoraida amekwisha kufika, jambo lililonishangaza, kwa sababu Zoraida, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakuwahi kufika popote kwa wakati. Ni mwanamke wa sauti kubwa, anayepaka watu rangi za kucha mlangoni pake na kujua habari za kila mtu. Mimi sipendi umbea, na yeye anajua kwamba sipendi, kwa hiyo hunisimulia mara mbili.

"Mwalimu huyo!" alipiga kelele. "Njoo ushike kitanda, uache kukagua."

Mtu aliyebadilishwa nyonga hatakiwi kukaa chini sana. Tulikiinua kitanda juu ya matofali ambayo Zoraida alikuwa ameyabomoa kwenye ukuta wake usiokamilika.

"Sasa kiko juu kama kitanda cha askofu," alisema. "Ukianguka kutoka hapo, dada, watabadilisha na nyonga ya pili."

"Wewe nawe, domo lako," Obdulia alimjibu kutoka mlangoni. "Sukuma upande huu. Huo mguu unacheza."

Tulikunja zulia. Tuliteremsha masufuria kutoka rafu ya juu tukayapanga juu ya meza, pamoja na birika la kahawa, ili mkono uyafikie bila mwili kuinama. Pale kwenye kidato cha kutokea uani tulilaza ubao na kuupigilia misumari. Nilileta kiti changu cha kulia chakula, chenye mgongo ulionyooka. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri mpaka tulipofika dirishani.

Dirishani palikuwa na kiti cha kubembea. Kilikuwa cha mama yake Obdulia, cha mbao nyeusi, kimesukwa upya mara nyingi, mikono yake imelainika kwa kushikwa. Obdulia alikuwa amekiwekea mto mpya na kukielekeza barabarani.

"Nitapumzikia hapa," alisema.

"Daktari amekataza," nilimwambia. "Kinashuka chini na kinacheza. Utautoa mfupa mahali pake."

"Nyumba isiyo na kiti cha kubembea ni nyumba ya nani? Watu wakija kunijulia hali watanikuta nimekaa kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni?"

"Basi kikae kwangu mpaka upone."

"Hakitoki."

Nilimwacha apoe, nikaenda kulitazama begi lake lililokuwa wazi juu ya kitanda. Nilitaka tu kuona kama soksi zimo. Soksi zilikuwemo, zimekunjwa vizuri. Sabuni ilikuwemo, na balbu imefungwa ndani ya fulana. Kulikuwa na taulo moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja.

Nilisimama pale nimeshika kijiko kile. Mwanamke huyu hangesahau. Angeweza kusahau jina lake kwanza.

Nilirudi sebuleni. "Obdulia, Reinier haji."

"Nani kakwambia?"

Nikamwonyesha kijiko.

Zoraida, aliyekuwa anafagia, aliacha kufagia. Obdulia alikitazama kijiko, akatazama barabarani.

"Makaratasi yake ya kusafiria hayajatoka," alisema. "Amelia kwenye simu, maskini, nikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Nitawaambia ndege imechelewa. Wakishanipasua hawawezi kunishona wakanirudisha nyumbani."

"Huo ni uongo."

"Ni uongo mdogo."

"Ni uongo ambao wauguzi watakubeba kwa ajili yake, na mgonjwa wa kitanda cha pili atangoja maji kwa sababu wanakugeuza wewe. Wewe ndiye uliyetufundisha hayo. Kwa nini hukutuomba sisi?"

Obdulia aliketi kwenye kile kiti cha kubembea, taratibu, mguu mbaya ameunyoosha mbele, na kiti kikalia kama kilivyolia siku zote.

Nimeishi na watu wema, na wapo wanaotoa bila kuchoka kwa sababu kutoa kunawaweka juu. Anayepokea hulala chali na kutazamwa. Obdulia hakuwahi kupelekewa sahani ya wali akairudisha tupu. Daima ilirudi na ndizi, au yai, au kipande cha peremende ya mapera. Tuliiita adabu. Ilikuwa adabu, na ndani yake kilikuwemo kiburi, na sisi tulikilea kwa kukisifu.

"Sitaki kuoshwa," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Kuoshwa! Mnataka niseme kwa kipaza sauti? Mama nilimwoshea kwenye kiti hiki, pale uani, chini ya mlimau, miezi yake yote ya mwisho. Maji nilikuwa nayaweka juani yapate uvuguvugu. Nilikuwa namwosha kwa majani ya mpera, kwa upole wote niliokuwa nao. Na kila siku alikuwa anafunika uso kwa mikono miwili. Ananiomba msamaha. Kila siku, kana kwamba ameniibia kitu." Alipapasa mkono wa kiti. "Nikasema, mimi hayatanifika hayo. Nitajiosha mwenyewe kwa kitambaa, mkono utakapoishia ndipo hapo hapo."

Mimi nilikuwa na la kusema kuhusu wajibu, na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Zoraida alinitangulia.

"Mwaka ule wa kimbunga, nilipotolewa nyongo, nani aliniosha?"

"Mimi. Nani mwingine angekuweza?"

"Nilifunika uso?"

"Wewe!" Obdulia aligeuka. "Wewe ulikuwa unaimba nyimbo za mapenzi. Wodi nzima iliomba ushonwe mdomo pia."

"Na wewe ulikuwa unanisugua kama sufuria iliyoungua wali."

"Ulikuwa mchafu."

"Nilikuwa nimetoka kupasuliwa, bibi wewe!"

Wakacheka wote wawili. Kisha Zoraida akaegemeza ufagio ukutani na kuketi sakafuni, karibu na miguu ya kiti, na sauti yake ikashuka mpaka nikaona kama anasema mtu mwingine.

"Mama yangu alikuwa ameshanifukuza nyumbani wakati ule. Nilikuwa naogopa kulala, maana nilidhani nikiamka nitakuta hakuna mtu. Nikawa nikiamka nasikia kiti hiki, kwii, kwii. Nasema, ah, yupo. Nalala tena. Daktari aliposema naweza kwenda nyumbani nilimwambia bado ninaumwa. Nilikuwa siumwi. Nilikuwa nataka siku mbili zaidi." Alijifuta pua kwa kiganja. "Sijawahi kuoshwa na mtu mwingine tangu nikue. Sasa wewe unasema kuoshwa ni msiba."

Barabarani alipita mwuza mikate na filimbi yake. Hakuna aliyetoka kununua.

Obdulia alitazama chini, kwenye nywele za Zoraida zilizopakwa rangi nyekundu na kuacha mizizi ya kijivu. Nilimwona akiupima ukubwa wa jambo alilokuwa anataka kumnyima mwenzake.

"Wewe huamki mapema," alisema.

"Sitalala."

"Unakoroma. Nakusikia ukutani."

"Basi utajua nipo."

Obdulia alijiinua kwa mkongojo akaenda jikoni. Tulimsikia akifungua droo, akichagua. Alirudi na kikombe cha bati na kijiko, akampa Zoraida mkononi.

"Kijiko kina alama ya meno ya Reinier, alikuwa anakitafuna alipokuwa anaota meno. Ukikipoteza hospitali usirudi mtaa huu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu, acha kusimama kama mnara wa kanisa. Kiti umekitaka kitoke, kitatoka. Kinakwenda naye hospitali."

Jumatatu Zoraida alichelewa, kama ilivyotarajiwa, na akatokea amepaka kucha rangi ya chungwa. Kiti kilifungwa kwa kamba juu ya paa la gari kongwe la jirani yetu Evelio, miguu yake ya upinde ikitazama mbinguni. Ndoo iliingia mbele, feni ikakaa mapajani mwa Obdulia, na mtaa ulisimama milangoni kama zamani, kila mmoja akipiga kelele kitu alichodhani kimesahaulika. "Chumvi!" "Kiberiti!" "Karatasi ya chooni, jamani!" Obdulia aliwapungia mkono kwa hasira. Alikuwa amevibeba vyote.

Hospitalini, muuguzi wa wodi alisoma karatasi iliyotoka zahanati, akauliza, "Mama, mwanao kafika?"

"Mwanangu haji. Niliwadanganya, mnisamehe. Anayeniuguza ni huyu. Anakoroma, lakini ni huyu."

"Na kiti hicho?"

"Mjukuu wangu, kiti hicho kimekesha wodi hii kabla wewe hujazaliwa. Kipishe."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya siku chache nilimpelekea supu ya kuku na magimbi ya kuponda, nikafika wakati pazia la kitanda chake limevutwa. Nilisikia maji yakikamuliwa kutoka kwenye kitambaa na Zoraida akiimba wimbo wake wa mapenzi, nje kabisa ya mahadhi yake. Kitanda cha pili mtu alikuwa anaomba anyamaze. Pazia halikufika mwisho, na katika ule mwanya nilimwona Obdulia ameketi, mgongo wake mwembamba unang'aa kwa maji. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kitanda. Uso wake ulikuwa wazi, na ulikuwa umekasirika.

"Sugua, Zoraida," alikuwa anasema. "Sugua vizuri. Unaniogopa nini?"